Meza ya Mwerezi

Lavinia alikuwa akining'iniza samaki kwenye kibanda cha moshi pale meneja wa kampuni ya mbao alipompigia simu kumwomba aje amchukue bibi yake. Bibi Effie alikuwa amefariki majira ya baridi ya mwaka juzi. Lavinia alinawa mikono, akawasha gari.

Alimkuta bibi yake amesimama peku juu ya meza ya mikutano, akibambua gome. Meza ilichongwa kwa mwerezi wa bonde lao, ikapigwa vanishi hadi ikang'aa, ila tangu asubuhi ilikuwa imeota gome upya, kwa kuwa ni Juni na utomvu umepanda. Wajumbe walikuwa wamesogeza vikombe vyao vya kahawa pembeni.

"Mama, mwambie ashuke," meneja alisema. "Tuna kikao."

"Bibi, watu wana kikao."

"Si wakae! Nani kawakataza?"

Kikao chenyewe kilihusu kukata mierezi ya mwisho, ile ya kijitoni. Kwao, watu wa Nuu-chah-nulth wa Kisiwa cha Vancouver, Kanada, mtoto mchanga hulazwa katika kitanda kilichosukwa kwa gome la mwerezi wa ukoo wake, na binti wa Lavinia alikuwa mjamzito. Kijito kikienda, hakuna pengine pa kubambua.

Bibi Effie alivuta ukanda wa upana wa viganja viwili, akirudi kinyumenyume hadi dirishani. Aliishukuru meza, akaacha.

"Inatosha. Ukizidisha, mti unakufa."

"Hapo ndipo mnapokosea," meneja alisema. "Wataalamu wetu wameikagua mierezi ya kijitoni. Ina makovu ya kubambuliwa, sawa, lakini madogo madogo, na miti yote imesimama. Mwenye mali huitumia mali yake. Ingekuwa yenu, si mngeshaikata?"

Lavinia aliisogelea meza. Watu hawa wameunyoa mlima mzima, kisha wanamhoji aliyebakiza kwa nini alibakiza.

"Tungeshaikata," alisema, "leo ungekuja kuiba nini?"

Wajumbe waliafiki kwamba hiyo ni hoja nzito, wakamshukuru kwa mchango wake, wakapiga kura. Hoja ya kukata mierezi ya kijitoni ilipita bila kupingwa. Mjumbe mmoja aliongeza kwamba haya ni maendeleo, hata vijana wa kina Lavinia watapata ajira ya kuzoa matawi.

Bibi Effie alilikunja gome, akamkabidhi mjukuu wake.

"La mtoto hilo. Mwakani nakuja tena."

Meneja hakutaka ugomvi na marehemu. Papo hapo kampuni ilitambua haki ya jadi ya ukoo wa Lavinia juu ya meza ile, pamoja na miguu yake, mradi waje baada ya saa za kazi na wasiihamishe. Watu walipeana mikono, picha ikapigwa.

Kesho yake mashine ziliingia kijitoni, zikaanza na mierezi yenye makovu.