Upana wa Kitanda

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya misa ya kwanza, Hilaria alichota kijiko cha sukari akakipeleka kwenye kikombe chake cha chai, na sukari ikamwagika sakafuni, mbali na meza kwa upana wa kitanda. Akachota tena. Ikaangukia palepale. Mkamwana wake Elisifa alikuwa anamenya ndizi. Aliitazama ile sukari, akaona sisimizi wameshaanza kufika, akakichukua kikombe na kukiweka pale chini. Kijiko cha tatu kikaingia.

"Unakosea kuelekea kwa Stella, mama," alisema, akarudi kwenye ndizi zake.

Ilikuwa kweli. Kila alichokifanya Hilaria asubuhi ile kilikosea upande mmoja tu, wa mashariki, kwa jirani. Akitaka kuketi, anaketi pembeni ya kigoda. Akimmwagia ng'ombe pumba, zinaangukia nje ya hori. Kanisani alikwenda kupiga magoti mbele ya padre, akajikuta amepiga magoti mbele ya nguzo. Padre akamfuata kwenye nguzo na komunyo yake, na waliokuwa nyuma wakasubiri zamu zao. Huko Kirua Vunjo watu wana migomba ya kupalilia, hawawezi kusimama kutwa nzima wakimtazama bibi mmoja.

Yeye mwenyewe alijua ilikoanzia.

Jana yake, Jumamosi, palikuwa na kikao cha mpaka. Kati ya kihamba chake, shamba la urithi la migomba na kahawa, na cha Stella ulikuwepo mstari wa isale, ule mmea wa majani marefu ambao wazee waliupanda kutenganisha jirani na jirani. Jani lake hilohilo, likifungwa fundo, ndilo la kuombea msamaha, na anayepelekewa hakatai. Mafundi wa bomba la maji walichimba mtaro wakaing'oa isale yote, na mwenyekiti wa kitongoji akaja na miche mipya. Aliyejua mstari ulipopita alikuwa amebaki mmoja tu, Hilaria, kwa kuwa ndiye aliyeshika kamba siku marehemu mumewe Valerian alipoupanda.

Naye alipajua. Palikuwa na jiwe bapa ambalo ujana wake wote alisugulia visigino akitoka kukata majani ya ng'ombe. Jiwe lilikuwa bado lipo. Mara baada ya jiwe, upande wa Stella, chini ya mibuni, lilikuwepo kaburi la Filemon, mume wa Stella.

Lakini mwanawe Eliufoo, mwenye duka la vipuri mjini Moshi, alikuwa anajenga, na gari lilihitaji njia. Ijumaa jioni alimletea mama yake mkate na kumweleza taratibu.

"Sikutumi useme uongo, mama. Uongo ni dhambi. Wewe sema takriban."

Neno hilo Hilaria alilisikia redioni tu, wakitaja watu waliokumbwa na mafuriko. Hakuwa na kazi nalo. Kesho yake alilivuka jiwe macho yakiwa wazi, akalizunguka kaburi, akaweka mguu ng'ambo yake.

"Takriban hapa," alisema.

Mwenyekiti akachomeka mche wa isale penye mguu ule. Wazee wakanywa mbege, pombe yao ya ndizi. Stella hakunywa. Wiki iliyofuata Eliufoo akajenga ukuta wa tofali kufuata isale mpya, na Filemon akabaki ndani ya uzio, kwa majirani.

Kwaresima ilipoingia, Hilaria hakuweza tena kulala. Siyo kwa sababu ya kitanda. Kitanda Elisifa alishakisogeza, na mto, na ndoo, na kila kitu. Alikata jani la isale, akalifunga fundo, akaenda kwa Stella. Alilenga mlango, akaishia zizini. Stella alitoka akamfuata hukohuko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Hilaria alinyoosha mkono, na jani likaenda kutokea mbele ya mdomo wa ng'ombe. Stella alimsukuma ng'ombe, akasimama pale jani lilipofika, lakini hakulipokea kwanza. Aliuliza isale ya zamani ilikuwa wapi. Hilaria alieleza kwamba Eliufoo ameshamwaga zege, kwamba mkopo wa benki ni mkubwa, kwamba vijana wa siku hizi hawasikii. Alieleza mengi. Jiwe hakulitaja.

Zamani wawili hawa walikuwa wakitegeana vitendawili wakichuma kahawa, kila mmoja upande wake wa isale.

"Kitendawili," alisema Stella.

"Tega."

"Mume wangu analala kwa jirani, wala sina wivu."

Hilaria alilijua jibu. Alilitafuta ulimini, likawa limekaa mahali pengine.

"Sijui," alisema. "Chukua mji. Nakupa Moshi yote."

"Moshi kubwa, mama. Nifanyie nini? Upana wa kitanda ungenitosha."

Halafu akalipokea jani, kwa kuwa halikataliwi, akalitazama fundo lake.

"Nimekusamehe," alisema. "Takriban."

Akamwonyesha Hilaria njia ya kurudia, akimwelekeza alenge kushoto kidogo ili alipate geti.

Ukuta upo hadi leo, na gari la Eliufoo linapita vizuri. Stella akitaka kumwona Filemon hupiga hodi getini, na asipokuwepo mtu hurudi kwake. Kila alfajiri Hilaria huchukua ufagio, akaenda kulifagia kaburi lile kwa mikono yake. Huinama, hufagia hadi mgongo unauma. Majani ya mibuni hubaki yamelala juu ya kaburi kama yalivyoanguka, na ng'ambo ya ukuta husikika ufagio ukikwaruza ardhi. Uwanja wa Stella unang'aa. Ni muda mrefu sasa mwenyewe hajaufagia.