Kamera Iliyokataa Kushika

Kamera ya mpiga picha Nduku iliacha kushika Jumamosi asubuhi, kwenye kituo cha mafuta pale Juja, msafara wa Muriithi kutoka mtaa wa Landless uliposimama ili kina mama wajifunge leso vizuri. Walikuwa wakienda Mugutha, upande wa Ruiru, kupeleka ruracio, yaani mahari ya Magdalene, mchumba wa Muriithi. Nduku aliwaelekezea kamera shangazi za Muriithi, akabonyeza, na lenzi ikaanza kwenda mbele na kurudi nyuma kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Picha zikatoka ukungu mtupu.

"Zima, washa," akasema Wamalwa, rafiki ya Muriithi, ambaye ana ushauri huo huo kwa redio, simu na pikipiki.

Nduku akazima, akawasha. Akatoa betri, akairudisha. Akaangalia swichi ya pembeni mwa lenzi, ikawa iko pale inapotakiwa kuwa. Akaitoa lenzi, akafuta vile vidoti vya shaba kwa upindo wa tisheti. Akajaribu kulenga kwa mkono, pete ikazunguka vizuri, ukungu ukabaki.

Magdalene alikuwa amempigia simu kumwomba jambo moja tu: "Nduku, nipigie picha mob, nyingi kabisa. Kwetu hatuna." Na kweli hawakuwa nazo. Mamake, Rachael, alifariki Magdalene akiwa darasa la pili, akazikwa kwao Theta. Babake, Mzee Ndegwa, alipooa tena, alizichoma picha zote za marehemu pamoja na mabua ya mahindi, eti mke mpya asisumbuke. Sura ya mamake ilikuwa imemtoka Magdalene kabisa, na hilo lilimuuma kuliko hata msiba wenyewe.

Huko Mugutha waliimbishwa langoni mpaka makoo yakakauka, ndipo wakafunguliwa. Baada ya salamu na maombi, ukafika wakati wa kumtambua bibi harusi. Wanawake wakatolewa nje wamefunikwa leso gubigubi, miguu tu ikionekana, wakapangwa mstari. Muriithi alitakiwa kumchagua wake. Akikosea kuna faini, na hapo kwa kina Ndegwa faini huamuliwa na yule aliyefunuliwa.

Nduku akapitisha kamera kwenye mstari. Ukungu, ukungu, ukungu. Alipomfikia wa mwisho, karibu na migomba, lenzi ikatulia. Ikashika. Kila uzi wa leso ulionekana, na vumbi jekundu kwenye kucha za miguu.

Wamalwa alikuwa akichungulia skrini nyuma ya bega lake. Aliona leso moja safi na nyingine zote uji, akahesabu kuwa Mungu ameingilia kati. Akakohoa, akamwonyesha Muriithi kwa kidevu. Muriithi akaenda moja kwa moja, akafunua.

Alikuwa Rachael.

"Umekosa, mwanangu," akasema mama mkwe, akicheka.

Kina mama wakapiga vigelegele vya ngemi. Muriithi akainamisha macho, maana mama mkwe hakodolewi hivyo. "Pole, maitu, mama yangu," akasema. Shangazi mmoja akamuuliza Rachael njia ya Theta iko vipi siku hizi. Rachael akasema ni vumbi tu, lakini majumba yameongezeka mpaka karibu apotee.

Magdalene akajifunua mwenyewe, jambo lisiloruhusiwa, akaja mbio. Akamtazama mamake usoni bila haraka.

"Kumbe hii pua ni yako."

"Na huo ubishi pia," Rachael akajibu.

Magdalene alifurahi mpaka akashikwa na kwikwi, ikabidi aletewe maji.

Likaja suala la faini. "Mbuzi nitawapeleka wapi mimi?" Rachael akasema. "Nataka picha na msichana wangu."

Nduku akapiga, na kamera ikashika. Ikaonekana kwamba yeyote aliyekumbatiwa na Rachael naye alitoka vizuri, hata kope zake zingehesabika. Habari ikaenea, watu wakapanga foleni. Wamalwa alipita mara mbili. Hata Beth, mke wa pili wa Ndegwa, alipanga kama wengine, akakumbatiwa, wakaulizana habari za ng'ombe. Mzee Ndegwa peke yake alibaki kwenye hema, akimwambia mshereheshaji kwamba programu imechelewa.

Chakula kilipopakuliwa, kwenye meza ya wazazi hapakuwa na kiti cha Rachael, na Ndegwa hakuagiza kingine. Rachael akala mukimo wake akiwa amesimama, huku akicheza miguu wimbo ulipomkolea. Jua lilipoinama akaaga, akarudi Theta.

Wiki iliyofuata Nduku alileta Mugutha picha zilizosafishwa. Magdalene alichukua ile ya kwanza, akaiweka kifuani, na hakuitoa mpaka alipofika Landless kwa Muriithi. Mzee Ndegwa akamwambia Nduku afute zile nyingine.

"Mzee, hizo ziko kwa simu za watu wote," Nduku akasema. "Hata simu ya mkeo, Mama Beth, iko nazo."

Ndegwa akazipekua, akachagua yake mwenyewe, ile aliyopigwa kwenye hema akiwa na koti jipya, akaitundika sebuleni. Ni koti la ukungu, na juu yake ukungu mwingine. Wageni wakiuliza huyo ni nani, anawaambia ni yeye, na kwamba siku hizi hakuna wapiga picha.