Mtani Alipokagua Gereza

Gereza la boma letu lilikuwa tembe kuukuu, la zamani kuliko boma lenyewe. Wajerumani walipofika walilikuta limesimama, wakatia mlango mnene wa mbao na komeo la chuma, wakasema hili sasa ni gereza. Paa lake lilikuwa la udongo juu ya magogo na fito, kama matembe yote, ila hili lilikuwa limeota majani mpaka mbuzi wa Ombasha Mbaruku, mkuu wa walinzi, walipanda huko kula.

Baba yangu, Matonya, alikuwa ndani pamoja na wadogo zake wanne. Kosa lao lilikuwa moja. Bwana Shauri, yule Mjerumani mkuu wa boma, alikuwa anakwenda Haneti kwa miguu, akamkuta Baba shambani, akamuuliza maji yako wapi. Baba akachongoa midomo kuelekea kaskazini akasema, "Hapo tu." Bwana Shauri akatembea mpaka jua likawa utosini, akamkuta baba mdogo wa kwanza. "Hapo tu." Akatembea tena, akamkuta wa pili. "Hapo tu." Bonde lile lote ni la ukoo wetu, kwa hiyo aliwapata wote watano, mmoja baada ya mwingine, na wote walichongoa midomo. Maji aliyaona kesho yake. Miezi mitatu kila mtu.

Wa sita alikuwa Mustapha, mwenye duka mjini. Punda wake alilia wakati bendera inapandishwa. Mustapha akaamriwa amnyamazishe, akajibu kwamba punda hanyamazishwi, humaliza mwenyewe. Yeye alipewa mwezi mmoja. Punda aliachiwa.

Mimi nilikuwa nawapikia. Nilisoma kwa wamisheni miaka minne, najua kusoma na kuandika, lakini bomani walinihitaji kwa ugali. Siku moja nagawa chakula, Baba akaniita pembeni.

"Loisi, sikiliza." Akagonga nguzo ya kati kwa kifundo cha kidole. Ikalia kama ngoma. "Mchwa wameila yote, limebaki ganda. Udongo ule wa juu ukinywa mvua, tutafunikwa kama viazi."

Nikatazama juu. Vumbi likaniingia jichoni. Nilipotoka nje nikatazama upande wa Bahi, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

Nikaenda kwa Ombasha Mbaruku, nikamwambia habari ya nguzo.

"Wewe ni mtoto wa mfungwa," akasema. "Mtoto wa mfungwa akisema gereza bovu, Bwana Shauri atajua anataka babake atoke. Ngoja mkaguzi."

"Mkaguzi gani, Bwana Ombasha?"

"Anatafutwa."

Ni kweli alikuwa anatafutwa. Mgeni mmoja kutoka pwani alimwambia Bwana Shauri kwamba serikali inayojiheshimu huweka mtu wa kutazama hali ya wafungwa, mtu asiye wa boma, asiye ndugu wa mfungwa, asiyekula mshahara. Bwana Shauri alipenda sana taratibu. Akaita watu barazani, akawapanga mstari, akawauliza mmoja mmoja. Wote walikuwa ndugu zetu. Asiyekuwa wa damu alikuwa shemeji, asiyekuwa shemeji alikuwa mkwe. Bwana Shauri akaanza kuwa mwekundu masikioni. Ndipo akafika kwa Babu Ndahani.

"Wewe ni ndugu yao?"

"Mimi?" Babu Ndahani akatema mate pembeni. "Ndugu wa wale fisi?"

"Ni rafiki yao?"

"Bwana, yule Matonya ana kichwa kama kibuyu kilichokaliwa na ng'ombe. Nani atakuwa rafiki yake?"

"Basi ni adui yao."

"La. Nisipomwona siku mbili naumwa."

Baraza zima likacheka, maana kila mtu alijua. Ukoo wa Babu Ndahani na ukoo wetu ni watani tangu mababu wa mababu. Mtani wako anakutukana mbele za watu, anakula chakula chako bila kuomba, anakunyang'anya kigoda anakikalia, na wewe hukasiriki, unasubiri zamu yako. Bwana Shauri hakuuliza, na hakuna aliyemwambia. Aliandika kitabuni mwake kwamba amempata mtu asiye na mapenzi wala chuki.

Tabu ni kwamba Babu Ndahani hakujua kuandika. Bwana Shauri akauliza nani anajua, na mkono ulioinuka ulikuwa wangu tu.

"Huyu ni binti wa mfungwa," Ombasha akasema.

"Ataandika maneno ya mzee tu," Bwana Shauri akasema. "Atamsomea mara mbili mbele yako, na mzee ataweka kidole gumba. Nikikuta neno moja la huyu binti, naye ataingia ndani."

Ijumaa ya kwanza Babu Ndahani akaja amevaa shuka jipya na kushika fimbo. Mlango ukafunguliwa.

"Mbukwenyi, wezi wa maji!" akasalimu.

"Mbukwa, mzee wa chawa!" wakaitika wote watano, wamefurahi kama siku ya harusi. Mustapha peke yake alibaki akiwashangaa. Yeye alikuwa mtu wa mjini na utani ule haukumhusu.

Babu Ndahani akachutama moja kwa moja mbele ya bakuli la Baba, akala ugali wa uwele, akachovya mlenda, akafika nusu ya bakuli. Ombasha aliyesimama mlangoni akatikisa kichwa kwa heshima. "Anakagua chakula," akamnong'oneza askari mwenzake.

Alipoanza kukagua nyumba, nikajitia kufagia karibu na nguzo ya kati, nikaigonga kwa mpini wa ufagio. Ngoma. Babu Ndahani akaisikia, akaitazama, akanitazama. Nikajua amejua. Moyo wangu ukatulia. Tukatoka nje, nikaweka karatasi juu ya pipa, nikashika kalamu.

"Andika," akasema. "Wafungwa wananenepa. Matonya ana mashavu mawili mawili kila upande. Wanakula kama nzige na chakula kinawazidi."

"Babu, na nguzo?"

"Umesikia nimesema nguzo?"

Bwana Shauri akaisoma barua ile akiwa amekunja uso. Jioni ile ile amri ikatoka: maharage yapunguzwe nusu.

Ijumaa ya pili Babu Ndahani akasema niandike kwamba wanalala kama watoto wa mfalme, wanakoroma mpaka kunguru wanahama. Jumamosi asubuhi mikeka ikachukuliwa. Wale watano wakaipokea kwa kicheko. "Ametuweza safari hii!" mmoja wa baba zangu wadogo akasema akijipiga paja. Mustapha hakucheka hata kidogo.

"Nyie," akasema, "mnafurahia nini? Tumelala chini kwenye udongo kwa sababu ya matusi ya babu yenu!"

"Si babu yetu," Baba akamrekebisha. "Ni mtani."

Mawingu ya Bahi sasa yalikuwa meusi chini, na alasiri upepo ulileta harufu ya mvua ya mahali pengine. Nikaona heri niende kwa Babu Ndahani nyumbani kwake. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mtoto wa kibuyu."

"Babu, nguzo uliiona. Kwa nini husemi? Sema tu, 'naomba paa litengenezwe, watu wataumia.' Maneno machache."

Akaacha kuchonga. Kwa mara ya kwanza sikuona mzaha machoni mwake.

"Loisi, unajua ni siku gani mtani anamsemea mtani wake maneno ya huruma?"

Nilijua. Ni siku ya kumzika. Mtani ndiye anayeosha, ndiye anayesimama kaburini akasema huyu alikuwa mtu mwema.

"Basi nikimhurumia Matonya angali mzima, namchuria," akasema. "Udongo utamwangukia kwa kinywa changu. Unataka?"

Sikutaka. Nikarudi nyumbani natembea polepole, nafikiri. Mimi si mtu wa maneno mengi, ila nimezoea kutazama. Nilikuwa nimetazama barua mbili na nimeona kilichofuata kila moja. Babu akisifu chakula, Bwana Shauri anaenda kwenye chakula. Akisifu usingizi, anaenda kwenye usingizi. Yule mzungu alikuwa haamini kama mfungwa anastahili kitu kizuri, na kitu kikisifiwa mbele yake ilikuwa lazima aende kukigusa.

Ijumaa ya tatu nikanoa kalamu.

"Andika," Babu Ndahani akaanza. "Wafungwa wanatoa harufu ya..."

"Babu," nikamkatiza kwa adabu, "na paa lao je? Naona wanajivunia sana paa."

Akanigeukia. Kisha midomo yake ikaanza kucheza.

"Paa!" akasema kwa sauti ili Ombasha asikie. "Hilo paa, mwanangu, hata mtemi hana! Andika! Wavivu wale wamejaliwa paa ambalo kikosi kizima kinaweza kupiga gwaride juu yake na viatu. Upepo wa kule juu ni mtamu kama asali. Nyumba ya Bwana Shauri ya mabati ni kikaango cha kukaangia karanga, lakini paa la wale fisi, mtu anaweza kuweka kiti akanywa kahawa mpaka jioni. Umeandika kahawa?"

"Nimeandika, Babu."

"Soma."

Nikasoma mara mbili. Ombasha akasikiliza, hakukuta neno langu hata moja. Babu akaweka kidole gumba.

Mimi nilidhani Bwana Shauri atapanda ngazi, atachungulia, ataona nyufa. Sikudhani atafanya vile alivyofanya. Kesho yake adhuhuri, niko ndani nagawa ugali, nikasikia ngazi inaegemezwa ukutani. Kisha mbuzi wakaruka chini mmoja mmoja wakilalamika. Kisha sauti ya Bwana Shauri huko juu:

"Kiti hapa. Meza pale. Kahawa upesi!"

Sote tukanyanyua macho. Udongo ulianza kutiririka kama unga kwenye chekecheke, ukaingia kwenye sufuria.

"Tokeni chini ya nguzo!" nikasema. Tukajibana ukutani wote saba, mimi na sufuria yangu.

Buti likapiga hatua moja. Ya pili. Ya tatu haikukanyaga kitu. Paa likasema *kraa*, na mguu mzima wa Bwana Shauri, tangu buti mpaka pajani, ukashuka katikati ya gereza, ukaning'inia hapo ukipiga mateke hewani. Kikombe cha kahawa kikafuata. Nguzo ya kati ikainama kidogo, ikatoa vumbi la mchwa, ikasimama tena kama mlevi aliyeulizwa jina.

Sote tukautazama. Mguu ule ulikuwa mkubwa, na hatukuwahi kuuona kwa karibu namna ile.

"Angepiga hodi," baba mdogo wa pili akasema.

"Msukumeni juu!" Ombasha akapiga kelele kutoka huko juu.

"Tukimsukuma na paa litakuja!" Baba akajibu.

"Mvuteni chini basi!"

"Tukimvuta atakuja yeye na paa!"

"Tulieni," Mustapha akasema, akakunja mikono ya kanzu. Kumbe alikuwa na ujuzi wake. "Punda akitumbukia shimoni hivi, husukumi wala huvuti. Kwanza unamfunika macho ili asiogope."

"Macho yake yako huko juu, Mustapha. Huku tumeletewa mguu tu," Baba akasema.

"Basi mpapaseni. Punda akipapaswa hutulia."

Baba akausogelea mguu akaupapasa taratibu kwenye buti, akisema, "Taratibu, bwana, taratibu." Huko juu Bwana Shauri akanguruma kitu cha Kijerumani. Lakini mateke yakapungua, lazima niseme kweli. Baba na wadogo zake wakapeana mabega chini ya lile gogo lililopasuka, wakalibeba, wakabanwa na uzito mpaka mishipa ya shingo ikawasimama, na Ombasha akamwondoa mkubwa wake kwa kamba ya mbuzi.

Bwana Shauri akaja mlangoni akiwa na kiatu kimoja cheupe kwa udongo na suruali imepasuka. Akaitazama nguzo. Akaisukuma kwa kidole, kidole kikazama ndani.

"Nje!" akasema. "Wote nje! Hii nyumba ni ya kuua watu!"

"Ndiyo, bwana," tukasema.

Siku ile ile wafungwa wakahamishiwa kwenye ghala la boma lenye mabati, mpaka wajenge gereza jipya wao wenyewe. Babu Ndahani akaitwa kujieleza. Aliulizwa kwa nini alisema uongo, akajibu kwamba hakusema uongo, alitania. Ombasha akafanya kazi ya kumweleza Bwana Shauri utani ni nini, tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana. Mwisho Bwana Shauri akafuta lile jina kitabuni, akaagiza atafutwe mtu mwingine, asiye ndugu wala mtani. Nasikia walimtafuta mpaka Miyuji.

Mvua ilifika siku ya nne, mchana. Nilikuwa natoka jikoni na chungu kichwani niliposikia gereza la zamani likianguka. Halikuanguka kwa kishindo kikubwa. Lilikaa chini tu, kama mtu mzima aliyechoka, na ukuta wa mbele ukafuata. Nilitua chungu matopeni. Nilichutama pale na mvua inaninyeshea mpaka nikasikia, ng'ambo ya ua, ghalani, sauti sita zinagombana kwa nguvu kushinda kelele za mabati, juu ya nani kamwekea mwenzake miguu usoni.

Ndipo nikaweza kubeba chungu.

Babu Ndahani alikuwa amefika kabla yangu. Amelowa, shuka limemganda mwilini, amesimama mlangoni mwa ghala anawahesabu kwa kidole bila kutoa sauti. Alipomaliza akahesabu tena. Kisha akajifuta uso, akapandisha pumzi.

"Mmeona, wavivu nyie?" akasema. "Kazi ndogo ya kufunikwa na paa, nayo imewashinda!"

Wakacheka mpaka Mustapha naye akacheka. Baba akasogea, akampa nafasi ya kukaa.