Utepe wa Kijani na Mto Ruvu

Mwalimu Mardhiya alipoanzisha Kundi la Utepe, hapakuwa na msichana katika shule yetu ya bweni pale Bagamoyo asiyelitamani. Wenye utepe wa kijani begani ndio waliosoma mbele ya wageni, ndio waliowashika mkono wadogo katika masomo ya jioni, na ilisemekana kwamba mwalimu akiulizwa nani aende chuo cha ualimu, ataanzia kwao. Masharti aliyataja mwenyewe mbele yetu sote. Msichana awe ameshika masomo, awe na adabu, na asikose shule hata siku moja tangu kufunguliwa hadi kufungwa.

Ninayemsimulia hapa ni Sikuzani binti Ramadhan, wa Fukayosi, niliyelala naye chumba kimoja miaka ile. Wazazi wake walikuwa wakulima wa mpunga na muhogo. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na hesabu alizifanya kichwani wakati sisi wengine tunahesabu vidole. Rafiki yake mkubwa alikuwa Mwanahija binti Mwinyimvua, mtoto wa mjini, ambaye kwao hata adhana ya msikiti wetu wa shule waliisikia.

Mwaka ule wa kwanza, likizo iliangukia masika. Mto Ruvu, unaokatiza njia ya Fukayosi, ulifurika. Wasichana wa mjini na wa Kaole walirudi shule siku ya kufunguliwa wakiwa na kanga kavu. Sikuzani alifika siku kadhaa baadaye, matope hadi magotini, pamoja na wenzake wa bara. Fatu wa Miono ndiye aliyefika mwisho kabisa, kwa kuwa yeye alikuwa na mto Wami wa kuvuka kwanza, kisha Ruvu.

Mwanahija hakumwachia Sikuzani hata nafasi ya kupumua. "Kaa hapa," alimwambia. "Tumefundishwa sehemu za mia. Nitakueleza, halafu wewe utanieleza tena, maana mimi mwenyewe sijazielewa vizuri."

Walicheka. Wakakaa barazani kila alasiri mpaka Sikuzani akayapata yote yaliyompita, na ulipofika mtihani akamshinda hata huyo aliyemfundisha.

Siku ya kutoa utepe, Mwanahija aliitwa. Sikuzani hakuitwa. Hakuitwa Fatu wala msichana yeyote wa ng'ambo ya mto.

Mwanahija alikwenda kwa mwalimu siku ile ile, na utepe wake begani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu, nimekuja kumsemea Sikuzani. Amenishinda mimi. Na kukosa kwake hakukuwa kwa kupenda, mto ulimzuia."

Mwalimu Mardhiya hakuwa mtu mbaya, na hilo nataka lijulikane. Alipokuwa msichana alisoma mahali ambapo mabinti wa wakubwa walipewa kila kitu, naye akanyimwa kwa kuwa baba yake alikuwa msusi wa makuti. Alijiapiza kwamba akipata shule, hapatakuwa na cha fulani bin fulani. Kwa hiyo alijibu kwa upole, lakini alijibu hivi:

"Kanuni ni moja kwa wote, Mwanahija. Nikimfungulia mmoja mlango wa nyuma, kesho kila mtu atakuja na mto wake."

Mwanahija alirudi chumbani analia. Akaanza kufungua pini ya utepe.

"Unafanya nini?" Sikuzani akamuuliza.

"Narudisha. Siutaki."

"Ukivua wewe, nitavaa mimi? Utapotea bure. Vaa, ndugu yangu. Angalau nikitazama chumbani niuone."

Alisema hivyo akitabasamu, lakini usiku huo hakula. Fatu wa Miono alipata pigo kubwa zaidi. Baba yake aliposikia kwamba binti yake hakutajwa siku ya sifa, alisema shule haimwoni mtoto wake, na likizo iliyofuata hakumrudisha. Tulisikia baadaye kwamba ameolewa.

Mwaka uliofuata Mwalimu Mardhiya aliamua kutumia likizo kwenda vijijini kuwashawishi wazee wapeleke mabinti zao shule. Alikwenda Fukayosi, akapokewa nyumbani kwa kina Sikuzani. Bi Mgeni, mama yake Sikuzani, alimpikia wali wa nazi na kisamvu, na wanawake wa kijiji walikuja kumsikiliza hadi ua ukajaa. Safari ilikuwa njema. Siku ya kurudi, mwalimu aliondoka pamoja na Sikuzani na wasichana wengine ili wawahi kufunguliwa kwa shule, na mvua ikawafuata nyuma kama iliyokodishwa.

Walipofika Ruvu, waliukuta umekula ukingo. Maji yalikuwa mekundu, yanakwenda kwa kishindo. Mvushaji, Mzee Mwinyijuma, alikuwa amekwisha kuuvuta mtumbwi wake mbali na kuufunga.

"Mzee wangu, shikamoo," mwalimu alisema. "Mimi ni mwalimu wa shule ya wasichana. Shule inafunguliwa kesho."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu sana. Lakini mto haujasoma."

"Hata taratibu hatuwezi?"

Mzee Mwinyijuma alimnyooshea kidole gogo kubwa lililokuwa likibingirika katikati ya maji. "Unaliona lile? Likitugonga, mama za hawa nitawaambia nini?"

Mke wa mvushaji, Bi Dija, aliwafungulia nyumba yake, akawatandikia mikeka, akawapa uji. Kesho yake mto ulikuwa vile vile. Siku ya kufunguliwa shule ikapita, na mwalimu amekaa kizingitini kwa Bi Dija, kanga ya kuazima mabegani, anatazama maji. Wasichana walimwona akiinuka kila mara kwenda ukingoni na kurudi.

Wakati mmoja aliporudi alikaa karibu na Sikuzani, aliyekuwa akimenya muhogo.

"Mwaka jana ilikuwa hivi?"

"Ilizidi, Mwalimu. Maji yalifika jikoni kwa Bi Dija. Tulihamia kule juu."

"Na hukuniambia?"

Sikuzani aliweka kisu chini. Alimwogopa mwalimu wake, na alimpenda. "Mwanahija alinisemea, Mwalimu. Ulisema kanuni ni moja kwa wote."

"Kweli nilisema," Mwalimu Mardhiya akasema, akachukua kisu kingine akamenya muhogo naye.

Walivuka maji yalipopungua. Tulikuwa uwanjani shuleni tulipowaona wanaingia. Mwalimu mbele, viatu mkononi, gauni limeshika tope hadi kiunoni, na wasichana wa bara nyuma yake. Hatukujua tucheke au tutulie. Yeye hakwenda kuoga kwanza. Alisimama pale pale mbele yetu.

"Nimechelewa kufungua shule yangu," alisema. "Kwa sharti nililolitunga mwenyewe, mimi sistahili utepe. Niliweka sharti moja kwa wote, nikadhani hiyo ndiyo haki. Sikuuliza nani ana mto njiani na nani hana. Nimewakosea wasichana hawa. Nawaomba radhi."

Sikuwa nimewahi, kabla ya siku ile, kumsikia mtu mzima akiwaomba radhi watoto. Mwanahija, aliyesimama karibu nami, alinibana mkono hadi ukauma.

Mwalimu alitangaza pale pale kwamba msichana atakayezuiwa na mto, maradhi au msiba hatahesabiwa amekosa, mradi afidie masomo. Na kwamba kila mwenye utepe atakuwa na wajibu wa kumsaidia mwenzake kuyafidia. Msichana mmoja wa mjini, Mwaija, akainua mkono.

"Mwalimu, si kila mtu atasingizia mto?"

"Asingizie. Mzee Mwinyijuma namjua sasa, nitamuuliza."

Tukacheka sote, hata Mwaija. Sikuzani peke yake hakucheka. Aliomba ruhusa, akasema, "Na Fatu, Mwalimu?"

Uso wa mwalimu ulibadilika. "Fatu nimemchelewa," akasema. "Lakini ana mdogo wake. Mvua ikikatika nitakwenda Miono mwenyewe."

Na alikwenda. Mdogo wake Fatu, Mwanvita, aliletwa shule muhula uliofuata.

Sikuzani alipewa utepe mwisho wa mwaka, na Mwanahija ndiye aliyeombwa amfunge pini. Alimchoma kidogo. "Samahani," alisema. "Nichome tu," Sikuzani akamjibu, "nijue siyo ndoto."

Bi Mgeni alikuwa amekuja kutoka Fukayosi na kapu la mchele mpya kichwani. Sherehe ilipokwisha, aliuliza nyumba ya kina Mwanahija iko wapi, akapelekwa. Mama yake Mwanahija alitoka mlangoni kumpokea, hawajuani.

"Binti yako alimfundisha wangu," Bi Mgeni alisema. "Sina maneno. Nimeleta mchele."

"Basi ingia tuupike," mama yake Mwanahija akasema.

Waliupika pamoja, na samaki wa kupaka, na sisi wasichana tulialikwa. Mwalimu Mardhiya alikuja pia. Kabla ya kula aliombwa alete dua, lakini alimgeukia Bi Mgeni akamwambia alete yeye, mgeni ndiye mwenye haki. Bi Mgeni alifunua viganja, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mwalimu, kwa ajili ya Mwanahija na mama yake, kwa ajili ya Bi Dija na uji wake. Aliendelea hadi wali ukaanza kupoa, na hakuna aliyemharakisha.