Paa la Stoo ya Makaa

Theluji ya kwanza ya mwaka ule ilianguka usiku wa kuamkia Jumatano, na baada ya sala ya alfajiri Mzee Bai, mtunza msikiti, alipanda mnara wa kutazamia mwezi akiwa na koleo na fagio. Hakuwa akitafuta mwezi. Ulikuwa umeandama siku nyingi. Alipanda kwa sababu theluji ikiachwa juu ya mnara huganda, ikishaganda humwangukia mtu anayetoka kusali, na mtu huyo kila mara huwa mkubwa fulani. Alipomaliza kufagia aliegemea ukingo apumzike, akautazama mtaa. Mapaa yote yalikuwa meupe, ila hapa na pale palikuwa na kiraka cheusi cha vigae vitupu, vimelowa, ukubwa wa mkeka wa kusalia.

Kiraka kimoja kilikuwa juu ya chumba cha Tie, mpika tambi. Kingine kilikuwa juu ya kitanda cha bibi kizee mmoja kiziwi ambaye watu walikuwa wamesahau kama bado yu hai. Mzee Bai alishuka, akanywa chai kwanza, kisha akaanza kusema. Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umeshaelewa kwamba theluji haikai juu ya mtu aliyeamka usiku kusali tahajudi. Hakuna aliyepata tabu kuamini. Mke wa Tie alisema mumewe huamka kabla ya kukanda unga, na miaka yote alidhani anakwenda chooni. Ahong Hai, mwalimu wa msikiti wa wanawake, alisema sala ile ina joto, jambo linalojulikana, akaendelea kuchambua kabichi.

Kilichowasumbua watu ni paa la Haji Na.

Haji Na alikuwa mfanyabiashara wa ngozi na mwenyekiti wa wazee wa msikiti. Hakuwahi kusema kwamba anasali usiku, maana alijua ibada ile inatakiwa kuwa siri. Alipiga miayo tu. Kila asubuhi, wazee walipokaa kunywa chai ya tende nyekundu na sukari mawe, Haji alifungua kinywa mpaka jino la dhahabu la nyuma likaonekana, akafuta machozi, akaomba radhi kwamba usiku umekuwa mrefu. Wazee waliitikia mashallah. Kwa miayo ile alichaguliwa kuwa mwenyekiti, na kwa miayo ile vijana walifundishwa adabu. Sasa Mzee Bai alikuwa ameliona paa la chumba chake kutoka juu, na theluji ilikuwa imelala pale nene kama mafuta ya mkia wa kondoo.

Katika ua wa Haji kiraka kilikuwepo, lakini kilikuwa pembeni, juu ya stoo ya makaa ya mawe.

Stoo hiyo ndimo alimolala Suofeiye, mjane wa mtoto mkubwa wa Haji. Mdogo wa marehemu alipooa, chumba cha magharibi chenye kitanda cha udongo kinachopashwa moto kwa chini kilihitajika kwa maharusi, na Suofeiye akaambiwa ajisogeze kwenye stoo kwa siku chache mpaka apatiwe mahali. Maharusi walikwishapata watoto. Yeye bado alilala kando ya lundo la makaa lililofika kwenye boriti, na hakuruhusiwa kuwasha hata punje moja. Haji alisema moto na makaa ya akiba havikai chumba kimoja, jambo ambalo ni kweli. Kwa nini basi hakuyahamisha makaa, au mtu, hilo hakulisema.

Tahajudi Suofeiye alifundishwa na Ahong Hai. Ulale kwanza, hata kidogo, maana asiyelala haamki. Ukiamka, utie udhu. Uanze na rakaa mbili nyepesi ili mwili ufunguke, kisha uendelee mbili mbili, uzirefushe kadiri nafsi inavyoweza, na kabla ya alfajiri kuingia ufunge kwa witri. Na usimwambie mtu. Suofeiye alifuata yote hayo. Maji ya birika yalikuwa na ganda la barafu, alilivunja kwa kidole. Katika sijida ya mwisho aliomba jambo moja, nalo ni jiko, jiko dogo la chuma lenye bomba la kutolea moshi. Pepo hakuiomba. Aliona hiyo inaweza kusubiri.

Badala ya jiko alipewa paa. Theluji iliyoyeyuka ilipenya kwenye nyufa za vigae ikadondoka juu ya blanketi lake. Alikwenda kumwambia mwalimu wake.

"Mwalimu, joto nimeletewa, nashukuru," alisema. "Ila limepita juu kwa juu. Ningeomba lishuke kidogo."

Ahong Hai alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akazitazama nyufa za vidole vya Suofeiye, na kicheko kikakatika.

Asubuhi iliyofuata Mzee Bai, ambaye maneno hayakai tumboni mwake, alikitaja kiraka cha stoo mbele ya wazee wote. Haji Na aliweka kikombe chini. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa katika wema.

"Sikutaka mjue," alisema. "Chumbani kwangu kuna anasa nyingi. Usiku hutoka nikaenda kujificha kule kwenye makaa."

"Si ndimo anamolala mkweo, Haji?" Mzee Bai aliuliza.

"Mkwe wangu analala chumba cha magharibi, kwenye kitanda chenye moto. Mimi ni mtu wa kumlaza mjane kwenye makaa, Bai?"

Wazee walisema astaghfirullah. Kila mmoja wao alijua Suofeiye analala wapi, kwa sababu kila mmoja alishapita uchochoroni akamsikia akikohoa nyuma ya ukuta ule. Lakini chai ile ilikuwa ya Haji, na tende pia zilikuwa zake, na kumkanusha mtu huku unamtafunia tende ni utovu wa adabu. Siri ya mtungi aijuaye kata, nayo kata ilinyamaza.

Ijumaa Haji aliombwa awaeleze watu namna ya kusali tahajudi. Alieleza kwa muda mrefu, na waliosinzia walihesabiwa kuwa walikesha.

Baada ya hapo mtaa uliingia kazini. Watu ambao theluji ilikuwa imewakalia walianza kupanda mapaa kabla hakujapambazuka. Mmoja alimwaga maji ya moto, yakaganda, na paa lake likawa linang'aa kuliko yote. Wengine walinyunyiza chumvi, na hiyo ilifanya kazi vizuri mpaka chumvi ikaadimika madukani na Tie akalazimika kuuza tambi zisizo na ladha. Wauza chumvi wa mtaa wa pili, ambao si wasalihina, walitajirika. Asubuhi watu walikutana msikitini wakipigiana miayo, wamechubuka magoti kwa vigae.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Habari za Haji zilifika misikiti mingine ya mji, na wazee wa huko wakatuma neno kwamba theluji ikianguka tena watakuja kupanda mnara wajionee. Haji aliwakaribisha. Mawingu yalipojikusanya, alimwita Suofeiye akamwambia kwamba usiku huo ampishe.

"Nilale wapi, Baba?"

Haji alitazama huku na huku katika ua wake. Chumba cha magharibi kilikuwa na watu, cha mashariki kilikuwa na ngozi, na ngozi hazipendi kupumuliwa. Akamwonyesha zizi, alimofungwa kondoo dume aliyekuwa akinoneshwa kwa ajili ya Idi. Suofeiye alichukua mkeka wake na birika lake akaenda.

Haji aliingia stoo akiwa amevaa makoti mawili ya manyoya, na nia yake, tuseme ukweli, ilikuwa safi. Alikusudia kusali usiku ule kuliko alivyowahi kukusudia maishani. Kwa kuwa hatua ya kwanza ya tahajudi ni kulala, aliifanya, na aliifanya vizuri sana.

Asubuhi wageni walipanda mnara kwa zamu. Stoo ya makaa ilikuwa nyeupe hata alama ya ndege haipo. Zizi la kondoo lilikuwa na vigae vitupu vinavyofuka mvuke. Wakashuka, wakaenda uani kwa Haji, wakafungua mlango wa zizi. Alitoka kondoo, akafuata Suofeiye, majani makavu yamemganda kwenye mtandio na birika mkononi.

Wageni walimtazama mwanamke, wakamtazama kondoo. Lilikuwa jambo gumu, kwa sababu kumtambua mwanamke kulihitaji mtu aulize kwa nini kalala zizini, na mwenyeji wao alikuwa amesimama palepale na makoti mawili na masizi puani. Mzee mmoja wa msikiti wa mashariki ndiye aliyewaokoa. Alisema mnyama aliyewekewa nia ya kuchinjwa Idi ana daraja yake. Wote walipumua. Walimshika kondoo kichwa kwa upole, mmoja baada ya mwingine.

Ahong Hai alikuwa amekuja bila kualikwa. Aliuliza kondoo huyo hushikaje birika.

Siku hiyohiyo Haji alimwekea kondoo jiko. Lilikuwa jiko dogo la chuma lenye bomba la kutolea moshi, na fundi alilifunga kwa uangalifu, kwa sababu haikupendeza kiumbe wa daraja ile apate mafua. Suofeiye alirudishwa kwenye makaa. Alipopita mbele ya zizi alilitambua jiko lile, maana ndilo alilokuwa akiliomba, hata mguu mmoja uliopinda alikuwa ameushauota. Siku hiyo alilia, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, na akaapa kwamba usiku haamki. Aliamka. Kulala katika baridi ile ilikuwa kazi ngumu kuliko kusimama, na tena saa ile ilikuwa kitu pekee uani mle ambacho hakuna aliyewahi kumwomba akipishe.

Theluji ilipoanguka tena, zizi lilikuwa jeupe, jiko linawaka ndani na bomba linatoa moshi. Stoo ya makaa ilikuwa tupu juu. Mara hii hapakuwa na pa kujificha, na wazee walikusanyika uani. Haji Na, ambaye hakuwa mjinga, alizungumza wa kwanza. Alimshukuru Mola kwa kumjalia mkaza mwana mcha Mungu, akaeleza alivyomlea katika subira, jinsi alivyomwondoa makusudi katika kitanda cha moto ili nafsi yake isilegee. Wazee waliguswa. Waliona kwamba kupiga miayo ni jambo moja, lakini kumtengeneza mtu wa namna ile nyumbani mwako ni jambo kubwa zaidi, wakamthibitisha kuwa mwenyekiti mpaka kufa kwake.

"Mpe jiko, Haji," Ahong Hai alisema. "Ukimaliza kushukuru, mpe jiko."

Haji alitabasamu kwa masikitiko. "Mwalimu, chumba hiki kinayeyusha theluji kwa amri ya Mola. Mimi ni nani niongezee makaa juu ya hapo? Itakuwa kama namkosoa."

Wazee walitikisa vichwa kukubali. Neno lilikuwa zito, wengine walilirudia midomoni wasije wakalisahau.

"Baba," Suofeiye alisema, "theluji inayeyuka juu. Mimi niko chini."

"Mnamsikia unyenyekevu wake," Haji alisema.

Idi ilifika, kondoo akachinjwa, mikate ya mafuta ikakaangwa na kugawiwa mtaa mzima. Nyama haikuwa na tofauti na nyama nyingine. Jiko la zizi lilihamishiwa chumbani kwa Haji, ambamo lingine lilikuwepo tayari. Watu walianza kuja kutoka mbali kuiona stoo, nao wazee wakakaa wakaamua kwamba mahali pale paheshimiwe. Walipigilia kibao mlangoni chenye maandishi ya dhahabu. Waliweka pia sharti kwamba hakuna mtu wa kuingia mle na viatu, na sharti hilo linafuatwa mpaka leo. Suofeiye naye, akitoka jikoni usiku kwenda kulala, huvua viatu vyake nje, kwenye theluji.