Punguzo la Don Eleuterio

Jumanne asubuhi, siku ambayo mkataba wa gari lake ulikuwa unakwisha, Awilda Maysonet aliingia duka la magari la Don Eleuterio Vizcarra, barabara ya Kennedy, San Juan, jiji kuu la kisiwa, akiwa na boksi la mikate ya mallorca mkononi na sweta begani. Sweta ilikuwa ya kuvaa kwenye baridi ya ofisi ya meneja. Mikate ilikuwa hongo, na sukari yake ya unga ilikwishamwagikia sketi nyeusi.

Awilda alikuwa dalali wa nyumba. Aliuza zile nyumba za ufukweni kule Dorado, zenye geti na walinzi, kwa Wamarekani wa bara waliohamia kisiwani kukimbia kodi za serikali yao. Mlinzi wa pale hakuinua kizuizi kwa gari dogo. Mwenye gari dogo alielekezwa mlango wa nyuma, karibu na mapipa ya taka, wanakopita wafagizi. Kwa hiyo kwa miaka sita Awilda alikuwa akikodi gari jeusi la Kijerumani, mkataba baada ya mkataba, akila wali na maharage ili gari linywe mafuta. Bila gari lile asingepita getini na mteja, na dalali asiyepita getini abaki nyumbani akaangalie tamthilia. Sasa malipo ya mwezi yalikuwa yamepanda kupita uwezo wake.

"Neftalí, mpenzi, nipunguzie," alisema.

Neftalí Rentas, muuzaji, mtu mnene mwenye tai fupi, alishusha pumzi. Akasema ngoja akamuulize meneja.

"Safari iliyopita ulisema hivyohivyo ukaenda chooni."

"Nilikwenda chooni, halafu nikamuuliza."

"Binamu yangu anayeishi Orlando, kule bara, anakodi gari hilihili kwa robo tatu ya bei yenu."

"Basi likodi hukohuko Orlando, uliendeshe mpaka hapa."

"Kuna bahari katikati, Neftalí."

"Sasa si unajua mwenyewe?" alisema Neftalí, akachukua mkate mmoja.

Awilda alivaa sweta, akaenda kumwona meneja mwenyewe.

Don Eleuterio alikuwa amefariki miaka tisa nyuma. Siku zile watu walipenda kufanyiwa mkesha wa msiba katika hali waliyoishi: bondia alisimamishwa na glavu zake, mwenye pikipiki akapandishwa pikipiki. Familia ya Don Eleuterio ilimkalisha kwenye meza yake ya kazi, kalamu mkononi, waombolezaji wakapita kwa foleni. Watu wa maziko walipokuja kumchukua, dukani kulikuwa na mteja anayeomba punguzo, naye Neftalí, kwa mazoea tu, akafungua mlango na kuuliza. Don Eleuterio akatikisa kichwa, kushoto, kulia. Mjane akasema mtu aliye kazini hazikwi. Watu wa maziko walikunywa kahawa yao wakaondoka.

Tangu hapo kiyoyozi cha ofisi ile hakizimwi. Umeme ukikatika, na pale kukatika ndiyo tabia yake, jenereta huwasha ofisi ya Don Eleuterio kwanza na kompyuta baadaye. Paroko alikuja mara moja kuchunguza kama ni muujiza. Aliomba punguzo la gari la parokia, akakataliwa, akaandika kwa askofu kwamba si muujiza.

"Bendición, Don Eleuterio," Awilda alimwamkia kwa kumwomba baraka, akaweka mikate mezani. "Mimi binti yake Providencia wa Cataño. Ulicheza naye dansi."

Mzee alikuwa amevaa shati jeupe la guayabera, nywele zimepakwa mafuta.

"Sikuombi bure. Miaka sita sijachelewesha malipo hata mwezi mmoja. Sina mume, sina akiba, nina geti lile tu. Nipunguzie kidogo."

Kushoto, kulia.

"Nusu ya hicho kidogo."

Kushoto, kulia.

"Mama alisema ulikuwa bahili mpaka kwenye dansi. Ulikuwa unambania hata kumzungusha."

Hapo Don Eleuterio alitikisa kichwa kwa kasi kidogo, na haikujulikana kama anakataa bei au anakana dansi. Awilda alipandwa na hasira. Alikishika kiti chake chenye magurudumu akamgeuza ukutani, jinsi mama yake alivyokuwa akiifanyia sanamu ya Mtakatifu Antoni anapochelewa kujibu maombi. Kichwa kiliendelea kuukatalia ukuta.

Wakati huo mteja wa Awilda, Bwana Brent Halvorsen, ambaye walikuwa wamepanga wakutane pale kabla ya kwenda Dorado, aliingia bila kubisha. Alikuwa na kandambili na pua iliyobambuka kwa jua. Akamwona mzee anayetazama ukuta, akamsalimu kwa Kiingereza. Kisha akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba lile gari jeusi lililoko dirishani si baya, angeweza hata kulichukua, bei ikiwa ya kistaarabu.

Kichwa cha Don Eleuterio kilishuka, kikapanda. Kikashuka tena.

Neftalí tayari alikuwa mlangoni na mkataba. Akaandika punguzo la robo nzima. Bwana Halvorsen hakuwa ameomba chochote, lakini alishukuru.

"Amekubali?" aliuliza Awilda.

"Hajui amekubali nini, maskini. Kiingereza hakijui, na tangu yu hai aliona haya kusema hajui. Akisemeshwa anaitikia tu. Ndivyo alivyouziwa yale maegesho ya nyuma, yanayojaa maji."

"Na ninyi mnajua?"

"Duka zima linajua."

"Miaka tisa, Neftalí?"

"Sasa dada, nani atamwambia bosi?"

Awilda alizunguka akasimama mbele ya mzee, mgongo ukutani, akaomba upya kwa Kiingereza. Kiingereza chake kilikuwa kizuri, kilikuwa kimeuza majumba. Don Eleuterio alimsikiliza mpaka mwisho. Alimtazama usoni, akaitazama sukari kwenye sketi, kisha kushoto, kulia.

"Anajua wewe ni binti wa nani," alisema Neftalí kwa huruma. "Hata mimi nilijaribu. Nilivaa mpaka kofia ya Texas."

Iliuma, na Awilda hakuficha kwamba imeuma. Alifuta machozi kwa mkono wa sweta. Halafu, kwa kuwa udalali haukuwahi kumtoka hata kwenye msiba, akamgeukia Bwana Halvorsen. Alimweleza kwamba barabara za kisiwani zina mashimo na madereva wake hawana adabu. Gari liandikwe jina lake yeye, kwa bei ile ya kistaarabu. Awilda atalipa kila mwezi, ataliendesha, na atampeleka anakotaka. Bwana Halvorsen aliona ni jambo zuri sana, la kienyeji. Akatia saini kwa kalamu iliyokuwa mkononi mwa Don Eleuterio, akairudisha palepale. Kabla ya kutoka, Awilda alimgeuza mzee akatazama mlango, akampangusa sukari begani.

Kule Dorado kizuizi kiliinuka chenyewe. Mlinzi, kijana wa Vega Baja aliyeitwa Yamil, alimpigia saluti Bwana Halvorsen aliyekaa kiti cha nyuma akila mallorca, kisha akabandika kibali cha gari kwenye kioo.

Alhamisi Awilda alirudi peke yake kufungua nyumba ya kuonyesha wateja wengine. Yamil alisoma kibali, akasoma kompyuta yake, akatoka kibandani taratibu.

"Dada Awilda, gari hili ni la Bwana Halvorsen."

"Ndiyo, mwanangu. Mimi ndiye ninayelilipia."

"Hapa imeandikwa wewe ni dereva wake. Dereva akija bila bosi, anapita nyuma."

"Yamil. Miaka sita unanijua."

"Nakujua vizuri sana," alisema Yamil, akatikisa kichwa, kushoto, kulia, bila ubaya wowote.

Awilda alikuwa amekwishajifunza kutobishana na kichwa cha namna ile. Aliweka gia ya kurudi nyuma. Gari lilikuwa na kamera bora kabisa, na kwenye kioo kidogo karibu na usukani mapipa ya taka yakatokea, safi, kwa rangi zake zote.