Mahali pa Kuweka Kilio

Kila asubuhi, kabla ya kazi, huuachia mvumo wa majaribio uzunguke spika zote za studio yetu hapa Guadalajara: kushoto, katikati, kulia, ubavuni, nyuma, kisha darini. Siku hiyo ulikuwa umefika spika za nyuma wakati don Baltazar alipofungua mlango kwa teke.

"Zima huo upepo wako, binti. Nimeleta kilio."

Ndiye aliyeongoza filamu tuliyokuwa tukiitia sauti. Tulibakiza tukio moja: mateka anapigwa ghalani mpaka kufa. Waigizaji watatu walisharekodi kilio chake, Baltazar akawakataa wote.

Nikaingiza faili lake kwenye programu. Kwenye skrini, sauti ni nukta nyekundu kando ya kichwa kilichochorwa. Unaivuta kwa kipanya, nayo sauti inahamia hapohapo chumbani.

Mwanamume akalia. Rungu likatua, kitu kikavunjika, akalia tena. Mbwa alikuwa akibweka karibu naye.

"Msimpige Canela," akasihi. "Canela hana kosa."

Risasi. Mbwa akanyamaza. Kisha wakamrudia yeye.

Ulises, mhariri mwenzangu, aliacha kutafuna mkate wake wa nyama. "Bosi, mbona filamu yetu haina mbwa?"

"Mwondoe huyo mbwa. Na wewe, Bibi Kimya, huyu jamaa mzungushe juu ya vichwa vya watazamaji. Nataka watu watapike."

"Ina mwangwi," nikasema. "Haitakaa vizuri darini."

"Uondoe."

"Na spika ya nyuma... inakwaruza."

"Nimeisikia sasa hivi. Nzima kabisa."

"Don Baltazar, hii umeitoa wapi?" Ulises akauliza.

"Kwenye simu ya mtu. Imezagaa mtaani. Kwani umekuwa polisi? Kula mkate wako."

Ulises akanyoosha mkono aizime. Baltazar akamdaka kisogoni, akamgongesha uso kwenye meza ya mitambo. Akamgongesha tena. Pua ikapasuka, damu ikaingia katikati ya vitufe. Mkono wa Ulises ulipoteleza ukaangukia kitufe cha kuanzia, na yule mwanamume akaanza upya kumwombea mbwa wake.

"Msimpige Canela."

Baltazar akanigeukia. Akanishika kifundo cha mkono, akakikandamiza juu ya kipanya hadi nikahisi mifupa ikisagana.

"Vuta nukta!"

Sikuivuta.

"Vuta! Au niambie tena habari za mwangwi!"

Risasi ikalia mara ya pili. Mbwa akanyamaza mara ya pili. Ulises alikuwa sakafuni, amejishika uso, ananitazama kupitia vidole.

"Si mwangwi," nikasema. "Wala si spika. Huyu mtu anauawa kweli. Siwezi..." Nikavuta pumzi. "Hapana, kuweza naweza. Sitaki. Simweki popote."